Si Kila Moto Ni wa Msafishaji

Masomo: Malaki 3:1-4, 1 Petro 1:6-7



Wengi wenu hamjui, lakini kabla sijaitwa kwenye huduma nilikuwa mchimbaji. Miaka sita nilishuka mashimoni kule Nyatike, Kaunti ya Migori. Kwa hiyo mhubiri akisema, "Mungu anakupitisha motoni kama dhahabu," wengine mnaitikia Amina, na mimi najiuliza: ni moto gani huo?

Hebu niwaeleze kazi yenyewe. Dhahabu ya kule haiokotwi barabarani. Imejificha ndani ya mwamba mgumu, na mara nyingi huioni kwa macho. Tani nzima ya mawe inaweza kukupa gramu chache tu. Mnavunja mwamba chini ya ardhi, mnauvuta juu kwa kamba, kina mama wanauponda kwa nyundo, halafu mashine inausaga mpaka unakuwa unga. Unga huo unapitishwa na maji juu ya mbao zilizoinama, zimetandikwa magunia. Dhahabu ni nzito, inanaswa kwenye gunia. Mchanga unaenda na maji. Mnaosha tena kwenye karai, polepole. Moto unakuja mwisho. Dhahabu inayeyuka kwenye digrii 1064. Ukiichanganya na boraksi, takataka zinapanda juu kama kioo, na dhahabu inatulia chini.

Kwa hiyo jambo la kwanza: moto hautengenezi dhahabu. Choma jiwe tupu wiki nzima, utapata jiwe la moto tu! Petro anaposema habari ya imani kujaribiwa, anaongea na watu ambao imani wanayo tayari. Ndugu, Mungu hakupitishi kwenye jaribu ili atafute sababu ya kukupenda. Alishaona alichoweka ndani yako.

Jambo la pili: msafishaji haondoki. Malaki hakumwona Bwana akiwasha moto na kwenda zake. Alimwona ameketi hapo hapo kazini. Anayeyeyusha dhahabu haendi kupiga stori nje. Jicho lake liko kwenye chungu, maana jasho lake lote liko mle ndani.

Jambo la tatu ndilo lililonifanya niandike wiki hii. Kuna moto mwingine.

Wachimbaji wengi hawana subira ya kuosha. Wanamimina mekuri kwenye ule unga, inashikana na dhahabu, wanakamua kwa kitambaa, linabaki donge la rangi ya fedha. Donge hilo wanaliweka kwenye jiko la makaa. Mekuri inachemka kwenye digrii 357 tu, inatoroka hewani, na dhahabu inabaki. Ni kazi ya dakika chache, na broka yuko mlangoni na pesa. Lakini hewa ile haina rangi wala harufu. Inaingia mapafuni, inashika ukutani na kwenye mabati, inamngoja mtoto anayelala hapo. Mimi mwenyewe nilichoma ndani ya nyumba, mke wangu akisonga ugali kando yangu. Nasema kwa aibu.

Miaka ikapita, nikawa mchungaji. Mama mmoja wa ushirika alikuja kwangu mikono ikimtetemeka, hata kikombe cha chai hakishiki. Akaniuliza, "Mchungaji, Mungu ananitafutia nini?" Nikafungua Malaki. Nikamwambia, "Mama, uko kwenye moto wa msafishaji, vumilia." Akashukuru, akaenda nyumbani, akaendelea kuchomea watu dhahabu jikoni kwake. Karibu mwaka mzima! Ni daktari aliyemuuliza swali ambalo mimi sikuuliza: "Mama, unafanya kazi gani?"

Wapendwa, nilijua kazi hiyo kuliko daktari. Nilinusa jambo nikalifunika na mstari wa Biblia. Nilirudi kwake nikapiga magoti, nikaomba msamaha. Alinisamehe, lakini mikono haijatulia kabisa.

Tangu siku hiyo nina kipimo kimoja. Moto wa Bwana unaondoa takataka, hauingizi sumu. Jaribu likikutoa kiburi, uongo na uchungu, kaa hapo, Msafishaji ameketi. Lakini mume akikupiga, huo si moto wa Mungu. Mkopo uliochukua kwa tamaa, si moto wa Mungu. Moshi jikoni kwako, si moto wa Mungu. Huo uzime! Omba, halafu amka ukauzime.

Na ninyi mnaochimba, mko wengi hapa na sadaka zenu tunazipokea: nisikieni kama ndugu yenu. Usichomee nyumbani. Tumia chombo cha chuma kilichofungwa, kile chenye bomba linalorudisha mekuri kwenye maji, na ukae mbali na watoto. Na ujue inawezekana kuiacha kabisa. Kule Benguet, Ufilipino, kuna wachimbaji wanaoosha kwa subira mpaka unabaki unga mzito, halafu wanauyeyusha na boraksi bila mekuri. Kinachotakiwa ni subira, na subira ndiyo tunayoihubiri kila Jumapili, si ndiyo?

Jumatano baada ya maombi nitabaki kanisani. Njoo na swali lako, hata kama hujaokoka.

Tuombe: Bwana Yesu, Msafishaji wetu, tusafishe wewe mwenyewe. Tupe macho ya kutambua moto wako, na ujasiri wa kuzima ule tuliouwasha sisi. Ponya mikono inayotetemeka. Utusamehe sisi wachungaji tuliosema upesi bila kuuliza. Katika jina la Yesu, Amina.