Mwenye Kupima Dhahabu Asijipime Mwenyewe

Ukipita katika machimbo ya Rwamagasa au Nyarugusu, mkoani Geita, utaona jambo linalostahili kufikiriwa. Mchimbaji akitoka duarani na mawe yake, hayapeleki yote karashani kwa kubahatisha. Kwanza huchukua kipande, hukisaga, hukiosha kwa maji ndani ya karai, kisha huinama na kutazama kama pana mstari wa njano. Akiipata dhahabu huipeleka kwa mnunuzi, na hapo macho yake hayabanduki kwenye mizani, kwani sehemu ya kumi ya gramu ni chakula cha watoto. Mtu huyo ni hodari wa kupima. Lakini muulize kikohozi chake kina muda gani, atakujibu, "Ni vumbi tu hilo." Muulize ni lini alipimwa kifua au shinikizo la damu, naye atacheka.

Basi swali letu ni hili: je, mtu mwenye nguvu zake, asiyesikia maumivu yoyote, anawajibika kujichunguza? Au wajibu huo humwangukia siku anapolala kitandani? Wengi wetu tumeshika hilo la pili, kwa kudhani kwamba afya maana yake ni kutosikia maumivu. Kanuni hiyo ni mbovu. Maumivu ni mjumbe anayefika mara nyingi akiwa amechelewa, na shinikizo la damu laweza kumharibu mtu moyo na figo kwa miaka bila ya mjumbe huyo kubisha hodi hata mara moja.

Tazama habari ya vumbi lenyewe. Mwamba wa dhahabu kwa kawaida una silika nyingi, na vumbi lake lililo jembamba kabisa, lile lisiloonekana kwa macho, hupita puani na kooni likaketi ndani ya mapafu. Hapo mapafu huota makovu. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Makovu yake hayafutiki kwa dawa, yaweza kuzidi hata baada ya mtu kuacha uchimbaji, na mwenye nayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi kuliko wengine. Afrika Kusini imelijua jambo hili kwa uchungu. Wanaume wa Lesotho na Msumbiji walirudi kwao wakidhani wametoka salama migodini, kumbe waliubeba ugonjwa vifuani mwao. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg iliidhinisha mapatano ya makampuni makubwa ya dhahabu kuwalipa fidia. Fidia ni haki, lakini haimrudishii mtu pafu lake.

Zebaki nayo haina kelele. Mchimbaji huinasa dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma, pengine penye jiko linalopikiwa ugali. Mvuke wake hauna rangi wala harufu. Mwaka 2003 wataalamu wa mradi wa Umoja wa Mataifa walifika Rwamagasa wakawapima watu mkojo, damu na nywele, wakawatazama pia jinsi mikono yao inavyotetemeka. Waliobeba zebaki nyingi zaidi walikuwa wale wenye kazi ya kuchoma. Kabla ya kupimwa, nani angejua kwamba mkono unaotetemeka ni wa sumu, wala si wa uchovu?

Husikika neno la baadhi ya watu wa dini: "Uhai na mauti vi mikononi mwa Mwenyezi Mungu, kupimapima ni upungufu wa imani." Neno la kwanza ni kweli tupu. La pili halizaliwi na la kwanza. Mkulima wa pamba wa Shinyanga anajua kwamba mvua ni ya Mungu, wala hajaacha kwa sababu hiyo kulikagua shamba lake ili aone kama funza wa vitumba ameingia. Kumtegemea Mungu huanzia pale uwezo wa mkono unapokomea. Hakuanzii pale mtu anapoamua kuukunja.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya hofu, nami siwezi kuidharau. Mchimbaji husema, "Nikiambiwa ni mgonjwa, nani atanikubalia kushuka duarani? Watoto watakula nini?" Huyu hasemi upuuzi. Lakini na atazame upande wa pili. Kifua kikuu kikigunduliwa mapema, kwa kupimwa makohozi, hutibiwa kwa dawa zinazotolewa bila malipo nchini Tanzania, kwa kawaida miezi sita, na mgonjwa akaendelea na maisha yake. Kisipogunduliwa, mtu huyo hulala na wenzake katika kibanda kimoja, hurudi nyumbani, humpakata mtoto na kumkoholea. Kwa hiyo swali si tena kama mtu ana haki ya kutoujua mwili wake. Swali ni kama ana haki ya kutojua kwa niaba ya wanaovuta hewa pamoja naye.

Kabla ya mwaka 1882, Robert Koch alipotangaza kwamba amekiona kijidudu kiletacho ugonjwa huo, baba aliyekohoa karibu na mwanawe alikuwa na udhuru: hapakuwa na mwenye kukijua kijidudu hicho. Kutojua kwa asiye na njia ni udhuru hata leo. Lakini aliyekohoa wiki mbili, akapita mbele ya zahanati akageuza uso, huyo hakukosa elimu, ameikataa. (Wala mwenye duara asijifiche nyuma ya maneno haya. Kumwagia mwamba maji ili vumbi litulie ni juu yake, si juu ya kibarua.)

Sisemi mtu ajishike mshipa wa damu usiku kucha. Hiyo nayo ni maradhi. Mtu mzima apimwe shinikizo la damu walau mara moja kwa mwaka, na likionekana mara kwa mara kuwa 140 kwa 90 au zaidi asipuuze. Mwenye kushinda katika majaruba ya mpunga akiona damu katika mkojo aende akapimwe kichocho. Na kila kipimo kiandikwe katika daftari la kawaida la shule: tarehe, uzito, shinikizo, dawa aliyopewa. Kilo sita zinazopungua polepole tangu mavuno hadi mavuno hazionekani katika kioo cha kila asubuhi, bali katika daftari huonekana. Tena wachimbaji ni watu wa kuhama, leo Nyarugusu, kesho Kahama, na mganga wa huku hawezi kujua aliyoyaona mwenzake wa kule, ila kwa kulisoma daftari hilo.