Mwenye Kuulizwa ni Nani?

Kila himidi ni ya Mwenyezi Mungu, aliyemkirimu mwanadamu kwa akili na akamtwika amana; na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Limezuka swali katika mabaraza, nalo ni hili: chombo kiitwacho akili bandia, chenye kujibu kwa ufasaha kama mtu, je, kina akili ya kweli? Na kikikosea, dhamana ni ya nani?

Mwaka 1950 bingwa wa hisabu wa Uingereza, Alan Turing, aliandika akiuliza kama mashine yaweza kufikiri, na hata leo wenye ilimu hiyo hawajawafikiana. Lakini Sheria haikuungojea mjadala huo. Wanavyuoni wamebainisha yakuwa mwenye kukalifishwa ni aliyebaleghe, mwenye akili timamu. Na amali hupimwa kwa nia. Basi na itazamwe mashine hiyo: hulishwa maandishi mengi mno ya watu, ikajifunza neno lipi hulifuata lipi, kisha hupanga jawabu kwa hisabu, neno baada ya neno. Katika kazi hiyo haionekani nia, wala khofu ya Mola, wala toba. Kasuku naye hutoa salamu, wala hapana aliyesema kuwa amesilimu.

Ama hatari haimo katika chombo, bali katika mtu ajifichaye nyuma yake. Mwaka 2022, huko Kanada, msafiri mmoja aliyefiwa na bibi yake alikiuliza chombo cha majibu cha shirika la ndege la Air Canada. Kikamwambia kwamba aweza kukata tikiti, kisha aombe kupunguziwa nauli ya msiba katika siku 90. Alipoomba, akanyimwa, kanuni ya shirika haikuruhusu kuomba baada ya safari. Shirika likajitetea kana kwamba chombo kile ni mtu mbali, mwenye kujibu kwa matendo yake. Februari 2024 baraza la hukumu la British Columbia likaikataa hoja hiyo, likaamrisha msafiri alipwe zaidi ya dola 800 za nchi hiyo.

Na fiqhi ya Shafii ilikwisha kuliweka jambo hili zamani: aliye pamoja na mnyama wake njiani hudhamini anachokiharibu. Punda hana dhambi, lakini amwongozaye hana udhuru.

Basi na amche Mungu kila mwenye kukitumia chombo hiki. Asitoe hukumu ya talaka wala ya mirathi kwa jawabu lake pasi na kumwuliza mwanachuoni, asieneze habari asiyoihakikisha, wala asimdhulumu mteja kisha akasema, "Ni mashine." Mwenye duka apimaye kwa mizani mbovu, naye ajua, hatoweza kuishitaki mizani yake Siku ya Kiama. Siku hiyo ataulizwa mwenye mkono ulioishika.

Mwenyezi Mungu awajaalie waja wake kuzichunga amana zao. Amin.