Mkono Ushikao Msumeno: Dhamiri ya Mwanajuri mbele ya Sheria Dhalimu

Methali isemayo kuwa sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, aghalabu hutolewa kusifia usawa: sheria haichagui wa kumkata. Hata hivyo, methali hiyo haisemi lolote kuhusu mkono unaoushika msumeno wenyewe. Makala haya yanauchunguza mkono huo. Je, raia aliyeitwa mahakamani kuamua kesi ana haki ya kukataa kuitekeleza sheria dhalimu, hata pale ushahidi unapothibitisha kwamba mshtakiwa ameivunja?

Katika mfumo wa sheria wa Uingereza, uamuzi wa hatia katika kesi nzito za jinai hukabidhiwa juri, yaani jopo la raia ambao kwa desturi huwa 12. Mnamo mwaka 1670, William Penn na William Mead, waumini wa madhehebu ya Quaker, walishtakiwa jijini London kwa mkutano haramu baada ya Penn kuhubiri barabarani. Wanajuri walikataa kuwatia hatiani. Walifungiwa bila chakula wala maji, wakatozwa faini, na waliokaidi kulipa wakatupwa gerezani. Mmoja wao, Edward Bushell, alikipinga kifungo hicho, na Jaji John Vaughan akaamua kwamba mwanajuri hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya uamuzi wake.

Uamuzi huo uliwapa wanajuri uwezo. Haukusema kwamba uwezo huo ni haki. Nchini Marekani, ambako mfumo huo ulirithiwa, Mahakama ya Juu ilishikilia mwaka 1895 kwamba wanajuri wanawajibika kuifuata sheria kama wanavyoelezwa na jaji. Uwezo wa kukataa ungalipo, ila mahakama haiutangazi.

Wanaoutetea hutaja Boston. Sheria ya mwaka 1850 iliamuru watumwa waliotoroka warudishwe kwa mabwana wao. Mwaka 1851 umati ulimnyakua Shadrach Minkins kutoka mahakamani akafika Kanada, na kati ya walioshtakiwa kwa kumwokoa hakuna aliyetiwa hatiani. Wanaoupinga hutaja Sumner, Mississippi, ambako mwaka 1955 wanaume 12 Wazungu waliwaachilia huru, kwa muda wa dakika 67, watu wawili waliomuua Emmett Till, mvulana Mweusi wa miaka 14. Mwaka uliofuata wauaji hao walikiri hadharani jaridani.

Kwa mtazamo wa juu juu, matukio haya mawili ni pande mbili za sarafu moja. La hasha. Sheria ya 1850 yenyewe ilimfanya mtu kuwa mali. Kuikataa kulikuwa kumrejeshea utu wake. Sheria dhidi ya mauaji haikuwa dhalimu hata chembe. Wanajuri wa Sumner hawakuikataa, bali walimkataa aliyeuawa, kana kwamba haikutungwa kwa ajili yake.

Lakini tofauti hiyo nani ataisimamia, ilhali juri haidaiwi sababu? Jibu limo katika orodha ya walioketi. Katika wilaya ile Weusi walizuiwa kujiandikisha kupiga kura, na kwa hiyo hawakuweza kuwa wanajuri. Kenya ya kikoloni nayo ilifuata mantiki iyo hiyo: Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alipata juri ya Wazungu wenzake, ilhali Mwafrika aliwekewa wazee wa baraza ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Huruma ya sheria iligawanywa kwa rangi ya ngozi kabla kesi haijaanza.

Kwa hiyo, dhamiri ya mwanajuri si jambo la moyo wake pekee. Haki ya kuuzuia msumeno usikate inaweza kukabidhiwa tu jopo ambalo hakuna kundi lililofungiwa nje yake, na ambalo kila aliye ndani yake anajiuliza: ni nani asiyekuwapo hapa atakayeubeba mzigo wa uamuzi huu? Pasipo swali hilo, mkono unaoacha kukata upande mmoja huwa umekwisha kukata upande wa pili.