Asili na Maana ya Neno "Agnostic"

"Agnostic" ni neno la Kiingereza lililobuniwa mwaka 1869 na Thomas Henry Huxley, mwanabiolojia aliyejulikana kwa kumtetea Charles Darwin. Mzizi wake ni wa Kigiriki: gnosis ni ujuzi, na a- hukanusha. Huitwa hivyo mtu anayeshikilia kwamba binadamu hana ithibati ya kutosha kusema kuwa Mungu yupo au hayupo.

Mwaka huo ndipo Metaphysical Society ilipoanzishwa London, na ndani yake wanateolojia, wanafalsafa na wanasayansi walijadiliana kuhusu imani na akili. Wajumbe wengi walikuwa na jina la kundi lao, lakini Huxley hakuwa nalo. Kwa maelezo yake ya mwaka 1889, aliwakumbuka Wagnosti wa karne za mwanzo za Ukristo, waliodai kuwa na ujuzi wa siri kuhusu mambo ya Mungu, akajiita kinyume chao. Mhariri R. H. Hutton alisimulia vingine: chimbuko ni ile madhabahu ya Athene inayotajwa katika Matendo ya Mitume 17, iliyoandikwa kwa Mungu asiyejulikana. Maelezo ya Huxley yana nguvu zaidi, kwani maandishi ya madhabahu yanamhusu Mungu asiyejulikana, ilhali neno lake linamhusu binadamu asiyejua.

Msimamo wenyewe ulitangulia jina. Septemba 1860 Huxley alifiwa na mwanawe Noel, aliyekuwa hajatimiza miaka minne. Kasisi Charles Kingsley alimwandikia kumfariji, naye akajibu kwa barua ndefu: hathibitishi wala hakanushi kwamba roho haifi, haoni sababu ya kuamini, lakini pia hana njia ya kupinga. Kumlilia mtoto hakukumhalalishia kudai uhakika asiokuwa nao. Barua hiyo inaonyesha maana ya neno kuliko kamusi yoyote: ni nidhamu ya fikra, tena nidhamu inayouma.

Mwaka 1888 mwanateolojia Henry Wace alidai kwamba jina hilo ni stara tu ya ukafiri. Huxley alijibu kuwa uagnosti si itikadi bali ni njia: kuifuata akili hadi inapofika, na kutodai uhakika pasipo ithibati. Pingamizi zito zaidi lilitoka kwa Mmarekani William James mwaka 1896. Kwake, katika baadhi ya mambo kungoja ithibati ni kuchagua tayari, maana asiyeamua kuamini anaishi sawa na aliyekataa. Hoja hiyo haijapata jibu jepesi.

Siku hizi neno hutumika kwa ulegevu kwa yeyote asiyeegemea upande, na wataalamu wa kompyuta huiita hivyo programu isiyofungamana na mfumo mmoja.