Samaki Wanatuombea, Sisi Tunawarudishia Nini?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba mwenye elimu huombewa msamaha na walio mbinguni na ardhini, hata samaki ndani ya maji. Sisi wanafunzi wa masomo ya Kiislamu tunaipenda sana Hadithi hii. Nami nauliza: samaki huyo anayetuombea, sisi tunampelekea nini kutoka vyooni mwetu?

Darasani tunasoma kwamba maji mengi, yaliyofika qullatayn, hayanajisiki mpaka najisi iyabadilishe rangi, harufu au ladha. Mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia liliamua kuwa hata maji taka, yakisafishwa barabara mpaka athari ya najisi iondoke, huwa twahara. Hukumu hii naikubali. Kosa ni kudhani swali limeishia hapo. Maji yanaweza kuwa meupe, yasinuke, na bado yakaua samaki.

Maji taka yasiyosafishwa vya kutosha hubeba uchafu ambao bakteria huula, na wanapoula humaliza oksijeni ya mto. Hubeba amonia, ambayo huunguza matamvua ya samaki. Hata klorini inayotiwa kuua vijidudu ni sumu kwa samaki isipoondolewa kabla ya maji kumwagwa. Wanaoumia mwanzo ni samaki wa maji baridi, kama samoni na trauti, maana wao huhitaji oksijeni nyingi, na maji yakipata joto oksijeni hupungua.

Mto Thames wa London ni ushahidi. Samoni walitoweka humo katika miaka ya 1830, na mwaka 1957 sehemu ya mto inayopita jijini ilitangazwa kuwa imekufa. Mitambo ya maji taka ya Beckton na Crossness ikaboreshwa, na mwaka 1974 samoni akaonekana tena. Basi uharibifu huu una dawa, na dawa yenyewe ni kazi ya mikono ya watu.

Tuje kwetu Uganda. Mfereji wa Nakivubo hukusanya maji ya Kampala na kuyapeleka, kupitia kinamasi, hadi Ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Ghuba hiyo hiyo ndiyo mitambo ya Ggaba inakoteka maji ya kunywa. Ngege na sangara wetu si samaki wa maji baridi, lakini maji yao ya joto yana oksijeni kidogo tangu mwanzo. Atakayesema ziwa ni kubwa, halinajisiki, amejibu suala la udhu tu. Suala la madhara bado linamngoja, kwani Mtume (S.A.W.) amekataza kudhuru na kudhuriana, na amekataza kukojoa katika maji yaliyotuama. Qur'ani nayo, katika Surat Ar-Rum aya ya 41, inauhusisha ufisadi wa bara na bahari na yale yaliyochumwa na mikono ya watu.

Tufanye nini? Kwanza, mafuta ya kukaangia, dawa zilizobaki na kemikali za maabara tusivimwage sinkini. Mitambo mingi haikujengwa kuviondoa. Pili, tuuliza bwenini na msikitini: bomba letu linaishia wapi? Tukikuta linaishia mtoni, tuandike barua kwa uongozi, kwa adabu na bila kuchoka. Tatu, wenzetu wanaosomea uhandisi na kemia wajue kwamba kusimamia mtambo wa maji taka kwa uaminifu ni ibada.

Ewe Mola wetu, tujaalie elimu yenye manufaa, wala usitufanye miongoni mwa wanaoombewa na viumbe huku wakiviangamiza. Amin.

Wabillahi tawfiq.