Nawe Pia Una Tarehe ya Kliniki

Haya nimeshayasema matangani, kwenye chama cha akina mama na nje ya kanisa baada ya ibada, mpaka koo limenikauka. Nayasema tena kwa kuwa bado nawaona mkipita kuelekea hospitali kuu ya Kakamega, mmemshika mkono mzee mwenye ugonjwa wa kusahau, amenyolewa vizuri, shati limepigwa pasi, na nyinyi wenyewe macho yameingia ndani na miguu imevimba. Daktari anamuuliza mzee hali, wewe unajibu kwa niaba yake. Hakuna anayekuuliza wewe unaendeleaje, na hata akiuliza utasema uko salama.

Dada yangu, hauko salama. Nimekuwa muuguzi tangu ujana wangu mpaka nikastaafu, na sura hiyo naijua.

Upande wa Matungu kuna mama ninayemtembelea. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Mumias. Siku hizi huamka saa tisa usiku, anavaa gambuti, anatafuta kofia, anasema gari la zamu litamwacha. Kiwanda chenyewe kiliwekwa chini ya meneja mrasimu mwaka 2019, lakini kwa mzee zamu bado zinaendelea. Mama hulala na ufunguo wa mlango umefungwa kwenye pindo la leso, na kulala kwenyewe ni sikio moja. Kukicha anamwosha, anambadilisha nguo, anamlisha, kisha anakunywa chai iliyobaki, sukari tele, na kipande cha mkate alichokiacha mzee. Anakunywa akiwa amesimama. Hicho ndicho chakula chake mpaka jioni. Nilipomwomba anionyeshe dawa zake za presha, alishusha mkebe wa Blue Band kutoka juu ya kabati. Zilikuwa za miezi iliyopita, pakiti moja haijafunguliwa. Za mzee zilikuwa mezani, zimepangwa za asubuhi na za jioni, zimefunikwa kwa kitambaa safi.

Msimcheke kwa kukesha. Huku kwetu mtu akikutwa usiku wa manane akizunguka boma la jirani hapewi nafasi ya kujieleza. Ataitwa mlozi anayekimbia usiku, basi. Mwezi wa kumi 2021, kule Marani katika kaunti ya Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa na umati kwa kushukiwa uchawi. Mama wa Matungu anayajua hayo, ndiyo maana halali. Lakini kufuli peke yake haitoshi, na siri ndiyo inayomchosha zaidi. Sema, mama. Mwambie mzee wa kijiji, waambie wa Nyumba Kumi, waambie vijana wa bodaboda pale steji: huyu ni mgonjwa, si mlevi wala si mlozi, mkimwona mrudisheni nyumbani kwa upole. Maboma mawili matatu yakishajua, utapata saa kadhaa za kufumba macho yote mawili.

Halafu hizi dawa za dukani. Najua mnampa Piriton ili alale. Inamlaza, ndiyo, lakini dawa za namna hiyo humzidishia mkanganyiko mwenye ugonjwa wa kusahau. Anaweza kuamka hajui hata choo kiko wapi, na kazi inakurudia wewe. Na mgongo ukikuuma kwa kumwinua peke yako, unakimbilia diclofenac, wiki baada ya wiki. Diclofenac hupandisha presha na huumiza figo, sembuse kwa mtu ambaye dawa zake za presha zimelala mkebeni. Mgongo huo unataka mtu wa kushika upande wa pili.

Mkidhani ni maneno ya bibi kizee, kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999. Watafiti waliwafuatilia wazee waliokuwa wakiwatunza waume au wake zao wagonjwa. Wale waliolemewa na kazi hiyo, hatari yao ya kufa katika muda wa miaka minne ilizidi kwa asilimia 63 ile ya wazee wasiokuwa na mgonjwa wa kutunza. Na si kifo tu. Presha isiyotibiwa, kisukari, upweke, huzuni nzito inayokaa moyoni, kuacha kutembea: yote yamo katika orodha ya mambo 14 ambayo tume ya jarida la Lancet ilisema mwaka 2024 kwamba yanachangia dimensia, huu ugonjwa wa kusahau. Yaani huyu anayemtunza aliyesahau, kwa jinsi anavyoishi, naye anaifuata njia ileile.

Huko Uchina nasikia wazee wenye ugonjwa huu ni kama milioni 15, na wengi wako mikononi mwa mke au mume. Watu wanasema ni kwa sababu ya ile sheria ya mtoto mmoja, iliyodumu mpaka 2015: mtoto ni mmoja, naye yuko mjini. Haya. Sisi tuna watoto sita, saba, na bado mama yuko peke yake. Tuna sheria gani sisi?

Nitawaambia. Mke wa mwana hawezi kumwosha baba mkwe, hiyo ni heshima yetu na sina nia ya kuivunja uzeeni. Mwana naye anasema kuosha mgonjwa ni kazi ya wanawake. Binti ameolewa Bungoma. Mzigo unazunguka boma lote, unarudi kwa mama. Sasa kama mkwe amekatazwa na mila, mwana amekatazwa na nani? Huyo ni baba yako. Karai na sabuni ni hizo hapo.

Na nyinyi kaka zangu mnaouguza wake zenu, msidhani hatuwaoni. Mnafua shuka usiku ili jirani asiwaone kambani. Mnapika ugali na maziwa, kesho ugali na maziwa, kwa kuwa mrenda hamkufundishwa kuupika. Jioni mnapitia busaa ili usingizi uje. Nawaheshimu kuliko mnavyofikiri. Lakini busaa hukatiza usingizi baada ya muda mfupi na presha haiipendi, na ile aibu ya shuka haina maana yoyote. Anikeni mchana.

Yule mhudumu wa afya ya jamii, CHP, anayepita na begi amepewa mashine ya presha na ya kupima sukari. Serikali iliwagawia mwaka 2023. Akija kumwona mgonjwa, kunja mkono wa nguo yako nawe upimwe. Usimwambie upo sawa. Mashine itasema.

Nageukia watoto mlio Nairobi, Eldoret na Doha. M-Pesa zenu zinafika, asanteni. Zile shilingi 2,000 kwa mwezi ambazo serikali huwapa wazee kupitia Inua Jamii zinaishia kwenye nepi za watu wazima, na hata hazitoshi. Lakini M-Pesa haiwezi kukaa na baba wakati mama yuko kwenye foleni ya kliniki. Nawajua vizuri. Mama akianguka mtakuja na basi zima, hema, viti, fahali, na mtu wa video. Mtachanga kwa wiki moja fedha ambazo hamkuwahi kuzitaja akiwa hai. Chukueni nusu yake sasa, mlipe kijana mmoja wa hapa kijijini, mtulivu, aje asubuhi mbili kwa wiki, na mmoja wenu kila mwezi aje alale hapa ili mama akalale kwa dada yake.

Kliniki ya presha ya mama wa Matungu ni Jumanne ijayo. Kifungua mimba apige simu leo jioni, aseme nani atakaa na mzee asubuhi hiyo. Mkikosa mtu nitakuja mimi na kitambaa changu cha kufuma, nitamsikiliza habari zake za kiwandani. Ila mniletee mtu wa kumwinua, maana mimi siwezi tena.