Kula Nyumbani au Mkahawani?

Mji wa Rumonge, ulioko kusini ya Bujumbura kando ya Ziwa Tanganyika, haukosi kitoweo: ziwa latoa mukeke na ndagala, na michikichi yatoa mawese. Hata hivyo, wapo wakazi wa vitongoji vyake walao mkahawani. Je, wameacha mila njema?

Tusiharakishe kuwalaumu. Mvuvi avuaye ndagala kwa taa usiku wa giza, arudipo ufukoni alfajiri hana tena nguvu za kukoka moto. Mtu aishiye peke yake huona hasara kuwasha makaa kwa ajili ya sahani moja. Na mama auzaye ugali wa muhogo kwa samaki hulisha wanawe kwa kazi hiyo. Anunuaye kwake humsaidia bila kumdhalilisha.

Lakini ipo sababu nyingine, isiyosemwa. Mkahawani kila mtu hulipia chake, wala halazimiki kumkaribisha jirani. Chungu cha nyumbani hakipikwi kwa hesabu ya vichwa. Hubakizwa tonge la ajaye bila kutazamiwa. Ndiyo maana wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mwenye jiko akimbiliaye mkahawani ili asigawe, hushiba huku akijipunguzia watu.

Kwa hiyo tusiulize tu mtu hula wapi, bali hula na nani. Amwitaye mwenziwe asiye na kitu washiriki sahani moja, ametimiza wajibu wa mwenyeji hata akiwa mkahawani. Na afungaye mlango ili ale peke yake, ameukosa hata akiwa kwake.